Muhtasari Usio na Mengineyo

Mwaka wangu wa kwanza wa uwakili niliutumia kuogopa karatasi. Watu nilikuwa nawaogopa tangu shule ya msingi, kwa hiyo hofu hiyo nilikwisha kuizoea. Karatasi ndizo zilizokuwa ngeni. Nilikuwa napeleka hati mahakamani, narudi ofisini, nakaa, kisha nasimama tena kwenda kuhakikisha kama kila ukurasa umegongwa muhuri. Karani wa masjala alinizoea. Akiniona mlangoni tu anasema, "Zimegongwa, dada. Zote zimegongwa. Nenda ukale."

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, mjini Lindi. Mwenye ofisi alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Wateja walimwita Mama Wakili, nami nikamwita hivyo hivyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akifanya kazi ya aina moja: kuzitetea benki, vyama vya kuweka na kukopa, na mifuko ya pensheni zinaposhtakiwa. Ni upande ambao mtu akikuuliza harusini unafanya kazi gani, nawe ukamwambia, anakohoa kidogo na kuangalia sahani yake. Mimi nilianza kujibu kwamba nafanya kazi "mambo ya sheria sheria tu", nikijua kabisa kwamba jibu hilo linanifanya nionekane nimefukuzwa chuo.

Yeye hakuona haya. "Benki haina uso," aliniambia wiki ya kwanza. "Hakimu akiangalia meza yetu haoni benki, anakuona wewe. Kwa hiyo chana nywele, ufike mapema, na usiseme uongo hata wa adabu."

Alikuwa na hadithi nyingi, na nyingi alizisimulia huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake. Kuna mteja wa benki aliyeapa kwamba dole gumba kwenye mkataba si lake, mpaka Mama Wakili akamwomba karani wa mahakama alete kidau cha wino, na yule bwana akakumbuka ghafla kwamba labda ni lake. Lakini alinisimulia pia siku alizowaambia wateja wake wenyewe kwamba wamekosea. Alikuwa anafunga faili, analisukuma katikati ya meza na kusema, "Mrudishieni mzee wa watu hati ya nyumba yake. Sipandi na hili mahakamani." Wengine walinuna wakahamia kwa mawakili wengine. Wengi walirudi.

Ugonjwa wangu wa kuwaza aliugundua mapema. Siku moja alinikuta nimeandika barua ya mistari minne mara tisa. Akazisoma zote tisa, akachagua ya kwanza. "Kuwaza sana si kosa," alisema. "Waza kabla hujasimama. Ukishasimama, uliza ulichokuja kuuliza, ukae." Nililiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa shajara yangu, halafu nikawaza siku mbili kama nimelinukuu sawasawa.

Kesi ninayotaka kuisimulia iliingia ofisini wakati wa kuanguka kwa korosho. Mteja wetu alikuwa mfuko mdogo wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi wa mashamba ya chumvi, mfuko wa hiari ulioanzishwa na wenyewe, ambao ofisi yake yote ni chumba kimoja na kabati mbili. Mwenyekiti wake, mzee aliyestaafu chumvini na mikono bado ina makovu ya maji ya chumvi, alikaa mbele ya meza ya Mama Wakili akieleza taratibu, nami nikiandika.

Mwanachama wao mmoja alikuwa amefariki. Alikuwa anaishi kijiji cha pwani, mbele kidogo ya Kiswere. Alipojiunga na mfuko miaka mingi nyuma alijaza fomu, na mahali pa kuandika nani apewe mafao yake akifa, aliandika mkewe. Basi alipofariki mfuko ukamlipa mjane. Mjane akaiezeka nyumba yake kwa bati na kununua friza, na tangu hapo akawa anauza barafu na samaki wa kugandishwa, biashara ambayo pale kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Miezi michache baadaye kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa korosho wa Rutamba, akaushtaki mfuko. Alidai mafao yalikuwa yake. Ushahidi wake ulikuwa nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo kilichofanyika msibani siku ya tatu, ulioandikwa na mtendaji wa kijiji na kugongwa muhuri. Kulikuwa na orodha ya waliohudhuria, na mjane alikuwa ameweka dole gumba mbele ya jina lake. Namba nne ya muhtasari ilisomeka hivi: "Kauli ya marehemu ilitolewa mbele ya kikao, kwamba mafao yake ya chumvi apewe kaka yake. Mjane aliafiki, akaomba afungiwe mizigo yake."

"Na kanuni zenu zinasemaje?" Mama Wakili aliuliza.

"Aliyeandikwa kwenye fomu ndiye anayelipwa," mwenyekiti alijibu, "isipokuwa huyo aliyeandikwa akatae mwenyewe kwa maandishi."

"Na karatasi hii mliipata lini?"

Mzee aliangalia sakafu. "Ilikuwa ndani ya faili kabla hatujalipa. Hakuna aliyeisoma."

Kutoka dukani chini tulisikia mtu akishusha mabati. Mwenyekiti akainua uso.

"Wakili, mfuko huu ni jasho la watu wa chumvi. Hatuwezi kulipa mara mbili. Tukishindwa, itabidi tumfuate mjane."

"Mumfuate mkamfanye nini?"

"Tuchukue kilichopo."

"Kilichopo ni bati na friza, mzee wangu."

"Basi bati na friza," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba asingependa kuwa yeye atakayepanda juu ya paa hilo.

Alipoondoka, Mama Wakili alifungua kalenda yake. Siku iliyopangwa kusikiliza ushahidi alikuwa na shauri lingine Mahakama Kuu, Mtwara, na Mahakama Kuu haisubiri. Alilisukuma faili kwangu.

"Hili ni lako," alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Niliisoma ile nakala asubuhi, nikaisoma mchana nikila, nikaisoma nikiwa kwenye foleni ya benki. Maneno yake niliyajua kwa moyo, lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu, na sikujua ni nini. Siku ya nne nikakijua. Nilichukua kalamu nikaorodhesha vichwa vya habari: kufungua kikao, waliohudhuria, ajenda, kauli ya marehemu. Basi. Ukurasa ukaisha.

Hapakuwa na Mengineyo.

Nimekaa kwenye vikao tangu nikiwa kiranja. Nimekaa vikao vya kwaya ya jirani ambayo hata siimbi, na vikao vya watu watatu vya kuchangia zawadi ya harusi. Sijawahi kuona muhtasari usio na Mengineyo. Ndipo watu wanaposema walichokuja kusema. Na muhtasari huu haukuwa hata na kufunga kikao. Kwa mujibu wa ile karatasi, wale ndugu walikuwa bado wamekaa kwenye mkeka.

Nilikwenda kwa Mama Wakili nikiwa nimejiandaa kuchekwa. Nilianza kwa kuomba radhi, nikaeleza, nikaomba radhi tena. Alivua miwani.

"Umeliona daftari lenyewe?"

"Bado."

"Sasa unaniomba radhi ya nini? Nenda ukalione."

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye benchi nje, na mtendaji alikuwa kijana wa rika langu, amenyoosha shati mpaka kola imesimama yenyewe. Aliniambia alikuwa ametoka mkoa wa mbali, kando ya ziwa, na hiki ndicho kituo chake cha kwanza. Nilimpenda mara moja. Mafaili yake yalikuwa na lebo za rangi, na rula ilikuwa imelala sambamba na ukingo wa meza. Nilitambua mgonjwa mwenzangu.

Alinisainisha kitabu cha wageni, akalitoa daftari kabatini, akafungua ukurasa ule. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kisha nikafanya jambo dogo sana. Nilifunua ukurasa.

Nyuma yake kulikuwa na maandishi.

"5. Mengineyo," ilisomeka. "(a) Marehemu alisema nyumba ya kaka yake iliyopo Rutamba, pamoja na mikorosho yake yote, apewe bibi aliyekuwa akizungumza. (b) Marehemu alisema wapishi wa msiba wachapwe kwa kuwa wali ulikuwa mbichi. (c) Kofia ya marehemu ilikombolewa kwa kuku mmoja mweupe, aliyetolewa na kaka wa marehemu. 6. Kikao kilifungwa kwa dua na kicheko."

Nilisoma mara tatu. Kisha nikamtazama mtendaji.

"Kaka, siku ya tatu marehemu alikuwa ameshazikwa."

"Ndiyo."

"Sasa alisemaje haya?"

"Alisemewa," alijibu, kwa uhakika wa mtu aliyeandika kila kitu. "Kuna bibi mmoja alikuwa amevaa kanzu na kofia ya marehemu. Alikaa katikati ya mkeka akawa anaongea kwa sauti yake. Nilidhani ndiye msemaji wa familia."

"Na watu walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanacheka sana. Nilidhani ndiyo majonzi ya huku. Kila mahali watu wana majonzi yao."

Nikaweka kalamu chini. "Kwenu hamna watani?"

"Wapo, dada. Lakini kwetu msibani hawavai nguo za mtu." Nikaona inamfikia taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. "Mungu wangu," alisema. "Mimi nimeuandika utani?"

"Umeuandika vizuri sana," nilimwambia, na nilimaanisha.

Kilichofuata alinieleza mwenyewe. Kaka wa marehemu alikuja kuomba nakala. Kule dukani penye mashine ya fotokopi walitoa upande mmoja tu, naye mtendaji akagonga muhuri alicholetewa. Hakuna aliyeficha kitu. Ukurasa haukufunuliwa tu.

Alipozikwa bibi yangu mzaa baba kule Kipatimu, nikiwa darasa la tano, mtani wetu mmoja alilala kwenye kitanda cha marehemu, akajifunika shuka lake na kukataa kutoka. Alikuwa anaita wajukuu mmoja mmoja kwa sauti ya bibi, akitugombeza kwa makosa ambayo bibi mwenyewe alikuwa akitugombeza. Baba alimpa kuku ndipo akaamka. Nakumbuka baba alicheka mpaka akalia, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu bibi afe, akakubali kula. Kwa hiyo nilijua nilichokuwa nakisoma. Shaka yangu ilikuwa moja: je, mahakama itakijua?

Mtendaji alinionyesha nyumba ya mjane. Friza lilikuwa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha maua, likivuma. Mama huyo alinikaribisha na kunipa maji baridi mno. Bibi aliyevaa kanzu ya marehemu alikuwa hapo hapo, amekaa kwenye kigoda anapasua samaki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kwenu wapi wewe, mbona umekonda hivi?"

"Kipatimu, bibi."

"Mmatumbi!" Aliweka kisu chini kwa furaha. "Ndiyo maana. Mahindi yenu yote wanakula nyani, ninyi mnabaki kupiga kelele shambani. Basi wewe ni mtani wangu. Nitakuja kukuchukulia kitu."

Nilimweleza mjane kila kitu, polepole, pamoja na kile mwenyekiti alichosema kuhusu bati na friza. Nilikuwa naogopa kulisema hilo, lakini nilifikiri ni haki yake kulijua. Alisikiliza akichezea upindo wa kanga.

"Mwanangu, hayo maneno nilisema," alisema mwishowe. "Mtani alivyosema mafao apewe shemeji, mimi nikamjibu, haya, mpeni, mpeni na masufuria, na mimi nifungieni mizigo nirudi kwa mama. Kweli nilisema. Lakini nilikuwa nacheka. Siku tatu nilikuwa sijafungua kinywa. Huyu ndiye aliyenitoa kile kicheko." Akamtazama bibi. "Sasa kicheko kile ndicho kinakuja kuning'olea bati?"

Bibi alikuwa ameinama juu ya samaki wake, kisu kimesimama mkononi.

Nilirudi Lindi nikaandika maswali ya kumdodosa kaka wa marehemu. Yalifika sitini na moja. Yalianza na umri wake na kuishia na maana ya neno kuafiki. Mama Wakili aliyasoma akiwa amesimama, akachukua kalamu nyekundu na kukata. Alikata ukurasa mzima kwa mstari mmoja. Mwisho yalibaki manne.

"Haya tu?" nilisema.

"Haya tu. La tano litakuwa la kujifurahisha. Ukiliuliza, utampa nafasi ya kujieleza, na yule ni mtu mzima, atajieleza vizuri."

"Na hakimu naye si mtu wa huku. Akiona utani ni upuuzi?"

"Basi usimweleze wewe. Mwache mdai amweleze."

Siku ya kesi niliwahi kufika kuliko mfagizi. Nilikagua vifungo vya koti jeusi, nikakagua tena. Hakimu alikuwa mtu mpole, anayeandika kila neno kwa mkono, na akitaka usubiri anainua kidole cha kushoto. Kaka wa marehemu alikaa upande wa pili na wakili wake, mzee mwenye sauti nzito ambaye alikuwa amenisalimia kwa kuniita "mwanangu" kisha akaenda kujiandaa kunikaanga. Nyuma, kwenye benchi la wasikilizaji, alikaa mjane, na ubavuni mwake bibi, ameweka mikono miwili juu ya magoti na kumkazia macho mdai.

Mtendaji alitangulia kutoa ushahidi upande wa mdai. Alitoa daftari lenyewe, na nilipomwomba asome nyuma ya ukurasa, wakili wa mdai alisimama haraka.

"Mheshimiwa, naona wakili msomi bado ana harufu ya chuo. Sisi tunategemea ukurasa wa mbele. Wa nyuma hatukuuleta."

Hakimu aliinua daftari, akalitazama mbele na nyuma.

"Wakili msomi, karatasi hii ina mgongo wake. Mlitaka niipokee bila mgongo?"

Watu wakacheka. Daftari likapokelewa lote, na mtendaji akasoma Mengineyo kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo yake mabaya ya mtihani. Alipofika kwenye wali mbichi, hata mlinzi wa mlangoni aligeuza uso.

Kisha akapanda mdai. Alikuwa mzee mrefu, kanzu safi, anaongea taratibu. Alieleza jinsi alivyomlea mdogo wake baba yao alipofariki, jinsi alivyomtafutia ile kazi ya chumvi, na kwamba aliiona karatasi akaamini mdogo wake amemkumbuka. Nilimwamini. Hicho ndicho kilichonitia hofu kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwongo, nikapewa mtu aliyetaka sana kukumbukwa, hata kwa karatasi ya utani.

Nilisimama.

"Siku ya tatu ya msiba ulikomboa kofia ya marehemu kwa kuku. Ni kweli?"

Macho yake yalikwenda nyuma yangu, kwenye benchi. Angeweza kukana. Daftari liliandikwa na mgeni aliyekwisha kukiri kwamba hakuelewa. Lakini bibi alikuwa pale, na ukoo wa bibi ndio uliochimba kaburi la mdogo wake, na ndio utakaochimba la kwake. Mtu anaweza kukana deni, akakana sahihi yake mwenyewe. Kumkana mtani mbele ya macho yake ni kujifukuza kwenye mazishi yako.

"Ni kweli," alisema.

"Kofia hiyo ilikuwa kichwani kwa nani?"

"Kwa mtani wetu. Yule pale."

"Aliyetamka kwamba mafao upewe wewe alikuwa nani?"

Hakimu aliinua kidole cha kushoto, akamaliza kuandika, akakishusha. Mdai alivuta pumzi.

"Ni huyo huyo mtani."

"Huyo huyo alitamka pia kwamba nyumba yako ya Rutamba na mikorosho yako iwe yake. Umeshampa?"

"Nimpe nyumba yangu?" Sauti ilimpanda. "Yule si alikuwa anatania!"

Kalamu ya hakimu ikaliandika hilo neno kwa neno.

La tano lilikuwa mdomoni. Lilikuwa zuri, la maneno manne tu: *Na la mafao je?* Nilionja ladha yake. Nilimwona mzee yule ameshika kingo za kizimba, ametambua mwenyewe alichokisema, na nikajua kwamba nikiliuliza atatafuta njia ya kujiokoa, na itakuwa haki yake.

"Sina swali lingine, Mheshimiwa," nilisema, nikakaa. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya nikiwa nimevaa koti lile.

Upande wetu alianza mjane, akaeleza kama alivyonieleza. Kisha bibi. Aliapishwa, akakataa kiti, akasimama wima.

"Bibi," nilimuuliza, "maneno yaliyoandikwa humu uliyasema wewe?"

"Yote nimesema mimi. La wali mbichi pia, na ulikuwa mbichi kweli." Kisha akamgeukia hakimu, mikono kifuani kwa heshima kubwa. "Ila Mheshimiwa, nina ombi. Nyumba yangu ya Rutamba mpaka leo sijakabidhiwa. Na huyu nasikia ameipaka chokaa bila kuniuliza rangi."

Kicheko kilizuka mpaka karani akalazimika kugonga meza. Lakini mimi sikuwa naangalia karani. Nilikuwa namwangalia mdai. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Hakimu alimwona pia, akamtazama kitambo, kisha akainamisha kichwa na kuandika.

Siku ya hukumu Mama Wakili alikuja, akakaa benchi la nyuma kama msikilizaji. Sijui hakimu alisoma dakika ngapi. Nakumbuka alisema maneno ya mtani aliyevaa nguo za marehemu si wasia wa marehemu, na jibu la mjane kwa mtani wake si kuiacha haki yake. Nakumbuka alisema mdai mwenyewe, kwa kauli yake na kwa kicheko chake mbele ya mahakama, ameonyesha kwamba alilijua hilo. Dai likatupwa. Mfuko ulikuwa umemlipa mtu sahihi.

Nilisubiri neno "lakini". Halikuja. Niligeuka nikamwona mjane amefumba macho, midomo inatembea kimya kimya. Mama Wakili alikuwa anatafuta miwani, ilhali ameivaa.

Nje, mwenyekiti alitaka tuombe gharama za kesi. Mama Wakili alimvuta pembeni akamwambia kitu, naye akatikisa kichwa, kisha akakubali tusiombe. Kaka wa marehemu alikuwa amesimama peke yake karibu na geti. Mjane ndiye aliyemwendea. Sikusikia walichosema mwanzoni, nikasikia tu mwisho.

"Shemeji, kesho pita nyumbani uchukue samaki."

"Wa bure?"

"Wa bure. Utalipa nini, na nyumba ameshachukua mtani?"

Nilikuwa bado nawaangalia nilipohisi koti linanitoka mabegani. Bibi alikuwa amelivua kwa ustadi wa mtu aliyezoea, akalivaa, likamfika magotini. Alikunja uso, akakutanisha vidole mbele ya kifua na kuanza kutembea huku na huku mbele ya watu wote wa mahakamani.

"Mheshimiwa, samahani," alisema kwa sauti nyembamba, sauti yangu kabisa, "naomba radhi, Mheshimiwa, kama nimekosea kupumua, naomba nipumue tena, samahani..."

Mtendaji alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Karani wa masjala alitoka nje kuangalia. Mama Wakili alikuwa ameshikilia ukuta. Na mimi, ambaye ningeweza kulala siku tatu nikiwaza jinsi nilivyochekwa mbele ya mahakama, nilicheka kuliko wote.

"Haya Mmatumbi," bibi alisema, "unalikomboa, au kesho nikaanze kazi mimi?"

Nilikwenda sokoni na gauni la ofisi bila koti, nikachagua kuku mweupe mwenye afya, nikarudi naye ananipigapiga mbawa ubavuni. Bibi alimpima uzito kwa mkono, akaridhika, akanivalisha koti mwenyewe na kunifunga vifungo.

Kesho yake niliandika taarifa ya kufunga faili kwa ajili ya mfuko: shauri limesikilizwa, dai limetupwa, mjane abaki na mafao yake. Niliandika mara moja tu. Nilipofika mwisho niliongeza kipengele kimoja, nikampelekea Mama Wakili asaini. Alisoma mpaka chini, pale palipoandikwa: "Mengineyo: koti la wakili lilikombolewa kwa kuku mmoja mweupe."

Alichukua kalamu nyekundu. Nikajua anakata. Badala yake aliandika pembeni, kwa herufi zake kubwa: "Mteja asidaiwe kuku huyu." Kisha akasaini, akanirudishia karatasi, na kunisukumia faili jingine.